Dadi Kwenye Bomba: Isome "Masharti ya Kisasa" Kama Hadithi ya Mapenzi

Katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine kuna hadithi ambayo darasa zima huisoma likicheka, kisha likiketi kujibu swali lake huandika kama linaloandika tangazo la kifo. Ni "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho. Kicheko chote hubaki darasani. Kwenye karatasi hubaki hoja mbili ambazo nimezisoma hadi nimezikariri: kwamba Dadi ana wivu, na kwamba ndoa za kisasa zina matatizo. Hoja zote mbili ni sahihi, na zote mbili hazitoshi.

Maoni yangu, ambayo una ruhusa ya kuyapinga mradi uwe na kitabu mkononi, ni kwamba hii ni hadithi ya mapenzi, tena ya kuchekesha, na kicheko chake ndicho kinachobeba maudhui. Ukikiondoa kicheko unabaki na mtu aliyeanguka kutoka ghorofani, na hapo huna la kuandika ila pole.

Tukumbushane kisa kwa ufupi, maana mwongozo hauwezi kukusomea kitabu. Dadi ni mchuuzi wa samaki anayezunguka na baiskeli. Kidawa, mkewe, ni metroni katika shule ya wasichana, na saa zake nyingine huzungusha bidhaa akiuza. Kabla hajakubali kuolewa alimpa Dadi masharti: kwamba naye atafanya kazi, kwamba kazi za nyumbani ni za wote wawili, kwamba uzazi utakuwa wa mpango. Dadi akakubali. Siku zikapita, moyo ukaanza kumsumbua kuhusu mwalimu mkuu wa shule anakofanya kazi mkewe. Usiku mmoja, Kidawa akiwa kazini, Dadi anakwenda shuleni, anaparamia bomba kuelekea ghorofani ili achungulie na kutega sikio. Anaanguka. Anaumia.

Sasa rudi kwenye anwani. Neno "masharti" umelikuta wapi maishani? Kwenye barua ya kuajiriwa. Kwenye mkataba wa nyumba ya kupanga. Kwenye mkopo wa simu, pale chini ambapo hakuna mtu asomaye. Si neno la barua ya mapenzi. Mwandishi amelichukua neno la ofisini akaliweka chumbani, na hapo ndipo ucheshi unapoanza, kabla hata hatujamwona Dadi akiendesha baiskeli. Ndoa ya hawa wawili imeandikwa kama ajira: nani atafanya nini, zamu ya nani leo kupika, nani ana ruhusa ya kutoka. Wao ni mume na mke, lakini pia ni kama wafanyakazi wawili wa karakana moja waliogawana majukumu.

Wengi huniambia kwamba masharti ndiyo "ukisasa" wenyewe. Ngoja kidogo. Hapa kwetu Bonde la Ufa ndoa bila masharti haikuwahi kuwapo. Wazee wa Kikalenjin wakiketi kwa koito, au wa Kikuyu kwa ruracio, wanafanya nini kama si kuweka masharti? Ng'ombe kadhaa, mbuzi kadhaa, blanketi la nyanya, na ole wako ukisahau blanketi. Katika fasihi simulizi pia umewakuta mabinti wanaowapa wachumba mitihani migumu. Kwa hiyo jipya katika hadithi hii si kuwepo kwa masharti. Jipya ni mambo mawili: anayeyaweka ni bibi harusi mwenyewe, si wazee, na malipo yake si mifugo bali ni kufua na kupika. Dadi angeombwa ng'ombe kumi angetafuta mkopo na asione haya. Ameombwa kushika mwiko, na jambo hilo linamkaa kooni. Hoja ya namna hii, ikiungwa mkono na kitabu, ina uzito kuliko sentensi tatu za "jamii imebadilika".

Kuna mpishano katika hadithi hii ambao ningependa uuone vizuri, kwa sababu ndio uti wake wa mgongo. Nyumbani, mahali ambapo tungetarajia mapenzi, kumejaa kanuni za kazi. Kazini, mahali ambapo kumejaa kanuni za kazi, Dadi anaona mapenzi. Kila kitu kiko upande usiotarajiwa. Mtu aliyekubali kwamba mkewe ni mfanyakazi hawezi kuamini kwamba mkewe anafanya kazi. Soma tena sentensi hiyo, kisha ujiulize kama hicho si kinaya. Alikubali sharti la kazi kwa mdomo. Alichokubali moyoni ni kumpata Kidawa, mwanamke ambaye yeye mwenyewe haamini kwamba alistahili kumpata. Masharti aliyachukua kama mtu anayebonyeza "nakubali" bila kusoma.

Na kazi yenyewe ni ipi? Umetroni wa shule ya bweni. Wewe unayesoma huu mwongozo huenda unalala bwenini, basi unajua zaidi ya Dadi. Unajua metroni hufanya nini saa nne za usiku: anahesabu wasichana, anatafuta dawa ya aliyeumwa na tumbo, anagombana na wale wanaonong'ona baada ya taa kuzimwa, na mwalimu mkuu akipita kuulizia jambo anajibiwa. Hakuna kazi isiyo na mahaba kama hiyo. Lakini kwa mtu aliye nje ya ua, mwenye kiza na mawazo yake tu, usiku wa shule ni kitu kingine kabisa. Mengi tunayoambiwa kuhusu uhusiano wa Kidawa na mwalimu mkuu tunayapata kupitia kichwa cha Dadi. Huo ni uamuzi wa mwandishi na ni uamuzi wa kuchekesha: tumefungiwa ndani ya kichwa cha mtu asiyejua, tunalazimika kukisia pamoja naye. Ndiyo maana taharuki inashika. Darasani kwangu huwa naomba jambo moja: nitafutie ukurasa unaothibitisha kwamba Kidawa ana hatia. Si unaodokeza, unaothibitisha. Wanafunzi hufungua vitabu kwa kelele nyingi, kisha kelele hupungua polepole.

Usidhani kwamba kosa la Dadi ni la Dadi peke yake. Waulize wazazi wako, au nyanya yako, kuhusu Vitimbi, kichekesho kilichorushwa na KBC kwa miaka mingi. Mlikuwa na Mzee Ojwang', aliyeigizwa na Benson Wanjau, na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Kwenye skrini walikuwa mume na mke, wakigombana, wakipatana, wakigombana tena. Wakenya wengi waliamini kabisa kwamba hata nje ya kamera wale ni mume na mke. Hawakuwa. Walikuwa watu wawili waliokuwa wakienda kazini. Wanjau alipofariki Julai 2015, kuna waliodhani Mama Kayai amefiwa na mume. Nchi nzima iliwatazama wafanyakazi wawili na kuona nyumba. Dadi amewatazama wafanyakazi wawili na kuona kitanda. Tofauti si kubwa kama tungependa iwe, ila sisi tulikuwa tumeketi sebuleni na yeye alikuwa ananing'inia kwenye bomba.

Turudi nyumbani zaidi. Chukua matatu kutoka Nakuru hadi Naivasha, kisha ufuate Moi South Lake Road. Utapita Karagita, mtaa ambamo wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua wanaishi, na asubuhi na jioni utaona mabasi ya mashamba yakiwabeba. Wengi wao ni wanawake. Wiki za kuelekea tarehe 14 Februari kazi huzidi, kwa sababu Ulaya wanataka waridi kwa Siku ya Wapendanao na ua halingoji. Saa za ziada huongezeka. Mwanamke anatoka nyumbani gizani kwenda kukata na kufunga maua ya mapenzi ya watu asiowajua, na anarudi gizani kwa mume ambaye huenda anauliza, "Mbona umechelewa?" Ukitaka kuelewa Kidawa ni nani, mtafute pale kwenye kituo cha basi. Na ukimtaka Dadi, hayuko mbali: kando ya barabara hiyo hiyo kuna vijana wanaouza samaki wa ziwa waliotungwa kwenye kamba, wakiwanyooshea wenye magari. Mshahara wa mke ni wa kila mwezi, wa mume ni wa bahati ya siku. Jioni wanakutana sufuriani. Hadithi hii ina asili ya pwani na visiwani, lakini mtu wa Karagita hahitaji mfasiri.

Tahadhari: mifano hii ya Naivasha na ya Ojwang' ni ya kukusaidia kuelewa. Usiipeleke kwenye karatasi. Mtahini anataka ushahidi wa kitabuni, na hakuna alama hata moja ya waridi.

Sasa nikueleze kwa nini nang'ang'ania neno "kichekesho". Unajua Othello wa Shakespeare, hata kama ni kwa kusikia tu. Mume anampenda mke hadi anashindwa kuamini bahati yake. Anaaminishwa kwamba mke ana uhusiano na Cassio, ofisa aliye chini yake, mtu wa kazini. Kuna onyesho ambalo Othello anajificha na kumtazama Cassio akizungumza na kucheka. Hasikii vizuri, anajaza mwenyewe yale asiyoyasikia, na anaamini kwamba anayezungumziwa ni mkewe. Je, huyo si Dadi? Mapenzi yale yale, kazi ile ile inayoshukiwa, masikio yale yale yanayosikia nusu. Lakini mwisho wa Othello ni mwanamke aliyezibwa pumzi kitandani bila hatia, na mwisho wa Dadi ni Dadi chini.

Hapo ndipo tanzia na kichekesho vinapoachana. Usijifunze kwamba tanzia ni hadithi yenye huzuni na kichekesho ni hadithi yenye mizaha. Tazama pigo linamwangukia nani. Katika tanzia ya wivu, pigo humwangukia asiye na kosa. Katika kichekesho cha wivu, pigo humrudia aliyeshuku. Chokocho angeweza kuandika vingine. Alikuwa na mume mwenye donge, mke asiyekuwapo nyumbani, na usiku. Angeweza kumrudisha Dadi nyumbani akangoje mlangoni. Unajua hadithi hiyo ingeishaje, kwa sababu unaisikia kwenye taarifa ya habari, na mara nyingine si kwenye taarifa, ni kwenye nyumba ya jirani. Badala yake mwandishi amempandisha bomba. Amehakikisha kwamba mkono ulioinuliwa na wivu umeshika chuma, si koo la mtu. Hicho si kichekesho cha kupitisha wakati. Ni msimamo, na ni msimamo ambao mwandishi hautangazi popote. Unausoma kwenye mwelekeo wa anguko tu.

Basi ukiulizwa kuhusu ucheshi katika hadithi hii, usiorodheshe vichekesho. Onyesha kazi yake. Linganisha majibu haya mawili. La kwanza: "Kuna ucheshi Dadi anapopanda bomba na kuanguka." La pili: "Dadi, anayeogopa kuonekana mdogo mbele ya watu kwa kufanya kazi za nyumbani, anajidhalilisha zaidi kwa kuparamia bomba usiku kama mwizi; ucheshi huu unakejeli wanaume wanaolinda heshima yao kwa njia zinazowavunjia heshima." La kwanza limetaja. La pili limetaja, limeeleza, na limeunganisha mbinu na maudhui na uhusika kwa pamoja. Siri za chumba cha kusahihishia hubaki huko, lakini si siri kwamba Karatasi ya Tatu ina alama 80 kwa maswali manne ya alama 20 kila moja, na kwamba hoja isiyoelezwa haiwezi kujaza ishirini.

Jambo la istilahi, kwa haraka. "Ramsa" na "komedia" ni majina ya aina za tamthilia. Hii ni hadithi fupi. Sema "ucheshi", "kejeli", "kinaya". Ukisema "hadithi hii ni ramsa" utakuwa umechanganya tanzu, na ni huruma kupoteza alama kwa neno zuri.

Katika mkusanyiko huo huo mwandishi huyo huyo ana hadithi nyingine ya kuwekwa kando ya hii, na nashangaa ni wachache wanaoziweka pamoja. Ni "Shogake Dada ana Ndevu". Huko Bwana Masudi na Bi Hamida wanamwamini Safia kupita kiasi. Kimwana anaingia nyumbani akiwa amevaa buibui, wazazi wanamwona ni shoga wa binti yao anayekuja kudurusu, kumbe ni mwanamume. Wenye nyumba wana macho na hawaoni. Dadi naye hana cha kuona na anaona. Anwani ya hadithi ya Safia inachekesha na mwisho wake ni kifo cha msichana. Hadithi ya Dadi inatishia balaa na mwisho wake ni aibu na majeraha. Ukipewa swali la "malezi" au "uaminifu" katika mkusanyiko, hadithi hizi mbili zikikaa pamoja zitakupa hoja ambazo hadithi moja haiwezi kutoa. Ni kama mwandishi amefanya jaribio la maabara mara mbili, mara moja kwa kuzidisha imani, mara ya pili kwa kuiondoa.

Na kama umeisoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, unao mfano wa tatu. Ashua anakwenda ofisini kwa Majoka akiwa na shida, na Majoka, mwenye mamlaka, anatumia shida hiyo kumtaka kimapenzi. Husda, mke wa Majoka, anaingia, na ghadhabu zake anammiminia nani? Ashua. Si mumewe. Hapo ofisini kuna kosa la kweli, tena si mapenzi hata kidogo, ni matumizi ya nguvu. Nakuomba usichanganye mambo haya. Wanawake na wanaume kufanya kazi pamoja si kosa. Hata watu wawili wa kazini kupendana si kosa lenyewe. Mkubwa kumdai mdogo mapenzi ndilo kosa, na Kenya limeandikwa: Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza dhuluma za kimapenzi kazini na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera inayosema hivyo waziwazi. Dadi angekuwa na hofu ya haki kama angejiuliza, "Je, mke wangu yuko salama kwa mkubwa wake?" Hilo ni swali la mume anayependa. Yeye alijiuliza, "Je, mke wangu ni wangu?" Maswali haya mawili yanafanana kwa mbali tu.

Nimeongoza mjadala wa hadithi hii mara nyingi katika vidato vya nne, na mjadala wenyewe una tabia zake. Kwanza wavulana husema kwamba Kidawa ndiye chanzo. Mwanamke gani anampa mume masharti? Wasichana hucheka, kisha hunyamaza. Baadaye mmoja, na mara nyingi si yule aliyezoea kuinua mkono, huuliza kama Dadi alilazimishwa kukubali. Darasa hupata joto. Napenda dakika hizo kuliko somo lolote la sarufi, Mungu anisamehe. Kwa sababu swali lile halihusu Dadi tena. Wavulana wale baada ya mwaka mmoja au miwili watakuwa kwenye boda boda, vyuoni, kwenye mashamba, na watawapenda wasichana wenye kazi. Wasichana wale watakuwa na zamu za usiku: wauguzi, askari, wahudumu wa hoteli, wapakiaji wa maua. Kuna ambao tayari, mwezi wa likizo, wanamsikia baba akimuuliza mama swali la mbona umechelewa, na wanajua kinachofuata baada ya swali hilo. Hao ndio hunyamaza. Siwalazimishi kusema. Lakini huwa nahakikisha kwamba kabla ya kengele mtu amesema kwa sauti kwamba katika hadithi hii aliyeanguka ni Dadi.

Hata hivyo nakataa jibu linalomfanya Dadi kuwa shetani. Jibu hilo ni la kivivu, na pia halimtendei haki mwandishi. Mchuuzi yule anafanya kazi ya jua na harufu. Anatembeza samaki huku akihesabu saa, akipika jikoni huku akiwaza watu watasema nini. Amejaribu. Soma upya sehemu zinazohusu masharti na utamwona mtu aliyeyatimiza mengi, hata kama roho inamuuma. Tatizo lake ni kwamba ameyatimiza kwa mikono na hakuyatimiza kwa akili. Anapika, lakini anapika kama anayelipa faini. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha namna nyingine ya kuwa mume, na wanaomzunguka wako tayari kumcheka. Mhusika wa kuchekesha akiwa mbaya mtupu hachekeshi. Tunamcheka Dadi kwa sababu tunamwelewa, na nadhani tunamwelewa zaidi ya tunavyokubali.

Na Kidawa? Usimfanye malaika pia. Amejenga ndoa kama mkataba, na mkataba una udhaifu wake: unasema nani atapika, hausemi jinsi ya kumwambia mwenzako kwamba unaogopa. Hakuna sharti linalosema "tutazungumza". Wote wawili wana kazi mbili mbili na muda wao wa kukaa pamoja umekatwa vipande. Lakini chunga mizani. Upungufu wa Kidawa ni wa mazungumzo. Wa Dadi ni wa kuvamia. Mtahiniwa anayesema "wote wana makosa sawa" anatafuta usalama, na hoja zinazotafuta usalama huwa hazina meno.

Kuna kinaya kingine ambacho naona kinapendeza, ingawa nacho ni cha kukufaa wewe zaidi kuliko karatasi yako. Masharti ya Kidawa, ambayo Dadi anayaona ya ajabu, kwa sehemu kubwa tayari ni msimamo wa sheria za nchi yetu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa, na ndoa ikivunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango katika mali. Maana yake, mwiko ambao Dadi anaushika kwa haya nao unahesabika kuwa mchango, kama samaki anaouza. Kidawa alizungumza na mchumba wake mambo ambayo kwetu wabunge walihitaji miaka mingi kuyaandika, na aliyapata kwa mkupuo mmoja, kwa mtu aliyempenda mno hata asibishane.

Hapa wanafunzi huniuliza, basi mwalimu, unasemaje hii ni hadithi ya mapenzi? Mbona hakuna mapenzi? Yapo. Mtu haparamii bomba kwa ajili ya mtu asiyempenda. Mapenzi ya Dadi ni ya kweli kabisa, tatizo ni kwamba hayajui pa kukaa. Yanakaa kwenye ulinzi, kwenye uchunguzi, kwenye kunusa. Na Kidawa naye, aliyekuwa na uwezo wa kuchagua, alimchagua mwenye baiskeli. Kwa nini? Mwandishi hatuelezi kwa urefu, nami napenda kwamba hatuelezi. Jibu langu ni kwamba alimwona mtu anayeweza kukubali masharti, na katika maisha yake hakuwa amewaona wengi. Unaweza kutofautiana nami hapa. Kwa kweli ningefurahi, kwa kuwa swali la uhusika linataka wasomi wanaotofautiana na wanaotoa ushahidi.

Sasa funga mwongozo huu, ufungue hadithi kuanzia pale Dadi anapofika shuleni usiku. Isome hadi mwisho, kisha uchukue karatasi uandike ukurasa mmoja wa tukio hilo hilo kutoka upande wa ndani wa dirisha. Wewe ni Kidawa. Uko kazini, umechoka, umesimama tangu jioni. Unazungumza na mwalimu mkuu jambo la kawaida la bweni, na unasikia kitu kikikwaruza ukutani, nje, mahali ambapo hapapaswi kuwa na mtu. Andika unachofikiri kabla hujajua ni nani. Usiandike neno "wivu" hata mara moja. Ukimaliza, mpe mwenzako wa dawati asome, ikiwezekana mvulana akiwa wewe ni msichana, na msichana akiwa wewe ni mvulana, kisha mjibu pamoja swali hili la alama 20: "Aliyeweka masharti si aliyeyavunja." Tetea kauli hii ukirejelea hadithi ya "Masharti ya Kisasa".